Safari Hii Msifaulu

Jumapili, 4 Machi

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hii naiandika mgongoni mwa karatasi ya kupokelea saruji, kisha nitaipiga picha nikutumie kama kawaida. Najua mama yako anacheka kwamba kaka yake ana simu lakini bado anaandika kwa kalamu. Mwache acheke. Simu yangu na vidole vyangu hawasalimiani.

Umeniomba nikutafutie watu wa kujaribu masomo yenu ya usalama kazini. Umemwomba mtu sahihi. Chumba chetu kina watu kumi na wawili, vitanda sita vya ghorofa na dirisha moja ambalo Redio ameligeuza kamba ya kuanikia suruali. Redio ni fundi nondo, tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Yupo Nusu Kilo, tunayesukuma naye matoroli ya zege, mwembamba kama mpini wa koleo. Na yupo Mzee Winchi, mkubwa wetu wa chumba. Yeye ndiye anayeendesha winchi ya kupandisha zege juu, na tangu nimjue hajaangusha ndoo hata moja. Watu wanapita chini ya ndoo yake bila kutazama juu. Hiyo ndiyo heshima ya hapa, hakuna nyingine.

Wote wamekubali. Ila wana maswali. Kwanza, kwa nini masomo ni mawili na yote yanasema mambo yale yale, moja la bluu na moja la kijani? Pili, Nusu Kilo anauliza: mtu akifeli anafanywa nini? Nilimwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe.

Simu zetu mchana zinakaa kwenye sanduku la mlinzi getini. Jioni tunazichukua, na mtandao unapatikana karibu na tangi la maji tu. Kwa hiyo usitushangae tukichelewa.

Mjomba wako


Jumatano, 7 Machi

Shikamoo Mjomba,

Asante, na wasalimie wote, hasa Mzee Winchi. Mama anasema ule mboga, uache kuishi kwa mkate na chai.

Masomo ni mawili kwa sababu kuna programu mbili za kutengenezea masomo, na ofisi yetu inatakiwa ichague moja. Tukishachagua, masomo yote ya miaka ijayo tutayatengeneza humo. La Bluu limetoka kwenye programu ya kwanza. Ni zuri kweli, picha zinatembea, unaburuta kofia ngumu unamvika mtu kichwani, unaburuta mkanda unamfunga. Bosi ameipenda tangu siku ya kwanza. La Kijani limetoka kwenye ya pili. Halina mbwembwe. Maandishi yanajipanga yenyewe kulingana na upana wa kioo cha simu, unashuka nayo kwenda chini, unabonyeza jibu. Na unaweza kulishusha mara moja ukalisoma bila mtandao.

Kazi ya kuchagua wamenipa mimi, na niko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Wenzangu wanasema ni bahati. Mimi usiku sipati usingizi na mchana sikai kwenye kiti. Nimeyajaribu yote mawili kwenye kompyuta na kwenye simu yangu, yanafanya kazi. Lakini waliahidiwa wateja kwamba masomo yatasomwa na watu wa saiti kwenye simu zao. Kampuni ya ujenzi itakayoyanunua imesema asiyepata nane kwa kumi hataingia getini.

Ndiyo maana nawahitaji nyinyi. Fanyeni yote mawili kabla ya tarehe 14. Matokeo yatakuja huku yenyewe.

Mpwa wako


Jumapili, 11 Machi

Mpwa wangu,

Tumeshayafanya. Nadhani matokeo umeyaona.

La Kijani tulifanyia penye tangi la maji, Alhamisi na Ijumaa, kila mtu na simu yake. Watu walikaa chini kama kuku wanaoatamia. Redio alisoma kwa sauti mpaka akafukuzwa. Wengine hawakufika nane. Usiwahukumu, walikuwa wametoka kumwaga zege tangu alfajiri, na mtu akichoka hata jina la mama yake linamponyoka. Mzee Winchi alipata sita. Akaenda kufua shati lililokuwa safi.

La Bluu tumelifanya leo mchana pale stoo. Mtunza stoo ni mtu wangu, alitupa nafasi na kivuli. Limekwenda vizuri, hakuna aliyebaki nyuma. Kwa hiyo moyo wako utulie.

Nusu Kilo bado anasubiri jibu la swali lake, lakini nimemwambia halina haja tena.

Mboga nakula. Mwambie mama yako hivyo hivyo.

Mjomba wako


Jumatano, 14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia huku natembea. Watu kumi na wawili, kumi kwa kumi! Hata Mzee Winchi! La Kijani ni saba tu waliofaulu, la Bluu wote. Sikutegemea kabisa. Nilikuwa na wasiwasi na zile picha za kuburuta, nikajua zitawasumbua, kumbe ndizo zilizowasaidia.

Jambo moja tu. Kumbukumbu zinaonyesha kila mtu amelimaliza la Bluu kwa dakika nne, na mmoja akimaliza mwingine anaanza papo hapo. Nimemwambia bosi watu wa saiti wamezoea kupanga foleni. Akacheka.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya watu watano nikasema tuchukue ya Bluu. Bosi alipiga meza akasema: "Mmesikia? Mafundi wenyewe wamechagua."

Mjomba, ni wewe umenivusha.

Mpwa wako


Jumapili, 18 Machi

Mpwa wangu,

Nimefurahi kwamba umefurahi.

Nina swali. Hilo la Bluu litaanzia wapi na litaanza lini? Na mtu akilifanya, ni lazima iwe kwenye simu yake? Na pale anapofanyia, kuna mtu anasimama anamtazama?

Sina sababu ya kuuliza. Nauliza tu. Nimeanza barua hii mara tatu, mbili nimewashia jiko.

Mjomba wako


Jumanne, 20 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilitaka nikushtukize lakini umeuliza mwenyewe. Kampuni iliyolinunua ndiyo hiyo inayojenga hapo kwenu! Ina saiti nne, wakaniuliza waanzie wapi. Nikawaambia waanzie kwenu, kwa sababu kuna watu kumi na wawili ambao hawatatoa jasho. Litaanza Jumatatu tarehe 2 Aprili, getini, kila mtu na simu yake mbele ya mlinzi.

Mtakuwa mfano kwa saiti nyingine. Mwambie Mzee Winchi atangulie mbele.

Mpwa wako


Jumapili, 8 Aprili

Mpwa wangu,

Kaa chini ndiyo usome.

La Bluu nililifanya mimi. Mara zote kumi na mbili. Nililifanya kwenye tableti ya mtunza stoo, ile kubwa ya kuhesabia mifuko, yenye kalamu yake ya kugusia kioo. Nilikuwa naingiza namba ya mtu, namjibia, naingiza ya mwingine. Kufika mtu wa tano nilikuwa nayajua majibu kama njia ya kwenda chooni. Hizo dakika nne ulizoziona ndizo hizo.

Sikufanya kwa ubaya. Kwenye simu zetu lilikuwa halifunguki, na lilipofunguka maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi. Kitufe cha kuendelea kilikuwa kimezama chini ya kioo, nusu kinaonekana nusu hakionekani. Na ile kofia ya kuburuta, vidole vyetu vimekaushwa na saruji, kioo hakivisikii. Redio alimvika mtu kofia mguuni mara tatu. Tukaona aibu. Wenzangu wakanitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyefika darasa la sita, na mpwa ni wangu. Kwetu hapa anayejua kusoma anawasomea wenzake. Mimi ndiye ninayewajazia fomu zote, hata za hospitali. Nikaona hii nayo ni fomu.

Nilidhani tunaopimwa ni sisi. Nusu Kilo aliuliza mtu akifeli anafanywa nini, nikakuuliza, hukujibu. Mtu asipojibiwa swali kama hilo anajijibu mwenyewe. Nikasema tukifeli tutaharibikiwa na kazi, na wewe utaharibikiwa na kazi. Basi nikatufaulisha.

Uliponiandikia kwamba umesimama mbele ya watu watano, nilitaka kusema. Kila siku nilisema kesho. Badala yake nikawakaririsha majibu, ya kwanza B, ya pili A, ya tatu C. Kumbe maswali yenu yanabadilishana nafasi.

Sasa sikia yaliyotokea. Jumatatu foleni ilifika barabarani. Katika sisi kumi na wawili waliopita ni wanne, wenye simu mpya. Nusu Kilo alivuka Jumanne kwa simu ya kuazima, na wengine vivyo hivyo. Mimi nilipita siku ya tatu, na sikupita kwa akili. Mlinzi alichoka kunitazama ninavyosugua kioo, akabonyeza kwa kidole chake. Wengi wamepita kwa kidole hicho hicho.

Mzee Winchi amekikataa kidole hicho. Mlinzi alinyoosha mkono kuishika simu yake, Mzee akairudisha mfukoni polepole, akamwambia: "Mimi si mtoto wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Nipe somo ninaloweza kulishika, nitalijibu."

Mlinzi akasema somo ni hilo hilo. Mzee akageuka.

Msimamizi amempa ufagio afagie nje ya geti, kwa sababu nje hapana somo. Winchi akapewa mtu mwingine, mwenye kumi kwa kumi. Alhamisi saa nne ndoo ya zege imeanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hakuna aliyeumia. Imeangukia toroli la Nusu Kilo, likawa bapa kama sahani, na Nusu Kilo alikuwa ametoka hapo kwenda kunywa maji. Hajaongea tangu siku hiyo. Hata Redio amezimika.

Mzee yuko nje anafagia vumbi linalorudi. Kila ndoo ikipanda anasimama na ufagio wake mpaka ifike. Msimamizi anasema mwisho wa mwezi asiyekuwa na cheti cha kufaulu somo aende zake moja kwa moja.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha mwezi mzima. Fanya unavyoona. Ukitaka kumpa bosi wako barua hii, mpe.

Mjomba wako


Alhamisi, 12 Aprili

Mjomba,

Siku tatu sikuweza kukujibu. Barua ya kwanza niliyokuandikia nimeifuta, na shukuru nimeifuta.

Nilikasirika sana. Nilijiambia, mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu ameniponza mbele ya watu. Nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho akaendelea kukunja nguo. Kisha akaniuliza: "Mjomba wako anakuandikia kwa nini?"

Sikumwelewa. Nikamwambia ananiandikia kuniomba msamaha. Akasema: "Sikuulizi hilo. Kwa nini anaandika kwa kalamu?"

Mjomba, nikaenda kuzitazama barua zako zote. Ninazo tangu nianze kazi. Kila moja ni picha ya karatasi ya saruji, na kila moja ulikuwa unaniambia kwamba vidole vyako na kioo cha simu hawasalimiani. Nilizisoma nikacheka kama mama. Mimi ninayelipwa nijue kama somo linashikika mkononi mwa mtu wa saiti! Na Nusu Kilo aliuliza swali la maana kuliko yote, nikaliruka kwa sababu nilikuwa na haraka ya kueleza rangi. Kosa ni lako, lakini pembeni yake kuna langu, na langu ndilo kubwa.

Jana nimemwambia bosi kila kitu. Nikamwomba jambo moja. Nikaazima simu ya mama anayetufagilia ofisi, kioo kimepasuka kona, nikamzungushia bosi plasta kwenye vidole gumba vyote viwili, nikamwambia afungue la Bluu, akimaliza nitaondoka mwenyewe. Wenzangu waliacha kazi wakaja kutazama. Alifika ile picha ya kofia. Akamvika mtu mguuni. Mara ya nne akabandua plasta, akasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Leo ameniita. Miezi yangu ya majaribio imeongezwa miwili. Kampuni haijakubali kuliondoa somo getini, ila tukileta lingine linalofaa kabla ya tarehe 30, watalipokea, na waliokwama watalifanya upya. Nitalitengeneza kwenye ile programu ya Kijani, bila kitu chochote cha kuburuta. Vitufe vitakuwa vipana kama kiganja. Kila swali litakuwa na sauti ya kulisoma, kwa asiyetaka kusoma. Na litashuka kwenye simu mara moja pale penye tangi, kisha halitahitaji mtandao mpaka siku ya kutuma majibu.

Nitakutumia Ijumaa ya tarehe 20. Sasa nisikilize, na uwasomee wote, pamoja na Nusu Kilo. Mtu akifeli hafanywi kitu. Ninayefeli ni mimi. Kila mtu simu yake na kidole chake. Anapokwama, aniambie amekwamia wapi na kwa nini, hata kama ni jambo dogo la kuchekesha. Safari hii msifaulu kwa ajili yangu. Mkishindwa, shindweni vizuri.

Mpwa wako


Jumapili, 22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, hata kama barua iliyopita hukunipa shikamoo. Niliiona nafasi yake tupu, nikajua ni haki yangu.

Tumelifanya leo asubuhi chumbani. Niliwasomea barua yako yote. Nilipofika pale pa bosi na plasta, Redio aliwaka tena, na sasa hatujui tutamzima vipi. Nusu Kilo aliomba nirudie pale panaposema mtu akifeli hafanywi kitu. Nikarudia. Akasema kwa sauti ndogo, kumbe lilikuwa na jibu. Ndilo neno lake la kwanza tangu ndoo.

Nakuandikia tulivyokwama kama ulivyotaka. Nusu Kilo, swali la pili, kitufe cha jibu la tatu kiko karibu mno na cha kuondoka, ametupwa nje mara mbili. Redio, ile sauti inaongea haraka, na hilo likisemwa na Redio ujue ni haraka kweli. Fundi bomba wa kitanda cha chini, simu yake imejaa, imebidi afute picha za harusi ya dada yake ndipo somo likaingia, kwa hiyo mlipunguze uzito. Mimi nimepata nane. Nimebonyeza mwenyewe, kwa upande wa kidole, na kila mara kimesikia.

Mzee Winchi alikaa kwenye kitanda chake na ile simu yake ndogo. Alikataa sauti, akasema anasoma mwenyewe, ila asiharakishwe. Alisoma kama anavyopandisha ndoo, pole pole, bila kurudi nyuma. Mpwa wangu, hujui nilivyoteseka. Swali la tatu niliona kidole chake kinaelekea jibu silo. Nikainuka, nikakaa, nikaenda dirishani nikahesabu suruali za Redio. Mwishowe nilirudi nikakaa pembeni yake, nikaikalia mikono yangu yote miwili mpaka ikafa ganzi. Kidole kikasimama hewani, kikahama, kikashuka kwenye jibu lenyewe.

Alifika mwisho. Ikatokea saba.

Chumba kizima kiliniangalia. Saba siyo nane. Mtunza stoo tunamjua, tableti iko pale pale, na hakuna aliyesema lakini nililisikia wazo likizunguka kama nzi.

Mzee hakununa. Alirudi nyuma mpaka swali la nne, linaloonyesha mtu juu ya jukwaa la mabomba na kuuliza ndoano ya mkanda wake imeshikizwa wapi. Akasogeza simu dirishani, akaondoa suruali moja ya Redio, akatazama tena. Kisha akaniita.

"Mwandikie mpwa wako picha hii ni nyeusi," akasema. "Ndoano haionekani. Kwenye ndoano ya mtu sibahatishi. Aiweke kwenye mwanga, nitarudia."

Nikamuuliza kama nitume matokeo hivyo hivyo, na saba yake. Akasema nitume hivyo hivyo.

Basi natuma. Picha nimeitazama na mimi, ni nyeusi kweli. Nilipojibu nilibahatisha tu. Irekebishe haraka, tarehe 30 si mbali, na mtu wa winchi mpya bado anavuta kamba kama anaamsha mbuzi. Mzee ameshaiweka simu kwenye chaja, na shati lake la kazi amelitundika mlangoni.

Mikono yangu ndiyo kwanza inapata damu. Ndiyo maana mwandiko umepinda.

Mjomba wako